Farasi wa Hallidie na mama wa Choma

Jumapili, saa tano usiku. Umeme umekata, mshikaji wangu wa rum anakoroma kama mashine ya kusaga, na simu imebakiwa na chaji kidogo. Wadau, najua niliahidi kuandika kuhusu bumu kuchelewa. Bumu litasubiri. Mbona sisi kila siku tunalisubiri lenyewe?

Nina hasira, na nataka niiandike kabla haijapoa.

Ilianza Alhamisi darasani. Mwalimu alikuwa anatupitisha kwenye historia ya uhandisi, akafika kwa Andrew Smith Hallidie, yule wa magari ya kamba ya San Francisco. Mnayajua hata kama hamjui jina lake. Ni yale mabehewa madogo yanayopanda vilima vya mji ule, watu wamening'inia pembeni kama makonda wa daladala za Mafiga, na kwenye kila filamu ya mji ule hayakosekani. Hadithi yake ni tamu. Mwaka 1869 Hallidie anatembea mjini, mvua imenyesha, mawe ya barabarani yanateleza. Farasi wanavuta behewa lenye abiria kupanda mlima, wanateleza, behewa linarudi nyuma na kuwaburuta hadi wanakufa. Moyo wa Hallidie unavunjika. Anakwenda nyumbani, anafikiri, anavumbua. Mwaka 1873 gari la kamba linapanda mtaa wa Clay na farasi wanapumzika. Mwisho wa hadithi.

Mwalimu akafunga kitabu, akatuangalia. "Mmeona? Mwenzenu kaona farasi kaumia, kavumbua. Nyie mnaona nini?"

Sauti ikatoka nyuma: "Sisi Waafrika tumelaaniwa, mwalimu." Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, msidhani nilikuwa malaika. Lakini ile cheko haikushuka vizuri. Imenikaa kooni tangu Alhamisi kama mwiba wa perege.

Kwanza, hadithi yenyewe imepungukiwa, na kilichokatwa ndicho sisi tunachokihitaji kuliko vyote.

Huyu bwana alizaliwa London mwaka 1836, jina lake la kuzaliwa Andrew Smith. Hallidie ni jina alilolichukua baadaye kwa heshima ya ndugu wa familia, Sir Andrew Hallidie, aliyekuwa daktari wa wafalme. Baba yake alikuwa mhandisi na mwenye hakimiliki za kutengeneza kamba za waya. Sikilizeni hapo: kamba za waya. Mtoto amekulia ndani ya kamba! Mwaka 1852 baba na mwana wakapanda meli kwenda California kwenye dhahabu. Mwaka uliofuata baba akarudi Uingereza, kijana akabaki. Akachimba dhahabu, akafua vyuma, akajenga madaraja. Mwaka 1856, akiwa na miaka 20, yaani umri wa mtu wa mwaka wa kwanza hapa chuoni, alikuwa sehemu iitwayo American Bar, ambako mabehewa ya mawe yalishushwa kwa kamba kutoka mgodini hadi kwenye kinu. Kamba zilikuwa zinaisha kwa siku 75 tu. Kijana akatengeneza kamba ya waya papo hapo, kwa mashine za kuungaunga. Ikadumu miaka miwili.

Huo ndio uvumbuzi wake wa kwanza, wadau. Mtu alikuwa kazini, kamba inakatika kila baada ya miezi miwili na nusu, bosi anapata hasara, na yeye anajua kusuka waya kwa sababu alimuona baba yake. Hakukuwa na mvua wala farasi anayekufa.

Mwaka uliofuata akafungua kiwanda cha kamba za waya San Francisco. Mwaka 1867 tayari ana mfumo wa kamba ya juu kwa juu, inayozunguka bila mwisho, ya kubebea mawe ya madini kwenye milima. Kwa hiyo alipowaona wale farasi mwaka 1869 alikuwa na kiwanda kizima cha kamba, na kiwanda kinatafuta soko. Yeye mwenyewe alieleza baadaye kwamba alisukumwa na mateso ya farasi pale mtaa wa Jackson, ambako walihitajika wanne au watano kuvuta behewa moja, mjeledi na makelele juu yao. Ila hapohapo akataja sababu ya pili: kupunguza gharama za uendeshaji. Huruma na hesabu vilikaa ukurasa mmoja. Simlaumu hata kidogo. Namuona mtu wa kweli kuliko yule wa darasani.

Halafu kuna watu walioachwa nje ya picha. Haki ya kujenga reli ya kamba mtaa wa Clay ilikuwa kwanza mikononi mwa mwanasheria Benjamin Brooks, ambaye alikosa fedha. Mwenye kalamu na michoro alikuwa mhandisi William Eppelsheimer, Mjerumani. Wenye pesa na uvumilivu walikuwa marafiki wa Hallidie, akina Joseph Britton, Henry Davis na James Moffitt. Kuvuta magari kwa kamba hakukuwa kitu kipya pia: reli ya London na Blackwall ilivutwa kwa kamba tangu 1840, na New York bwana Charles Harvey alijaribu reli ya kamba ya juu mwaka 1868. Kilichokuwa kipya San Francisco ni kibano. Kamba inazunguka muda wote ndani ya mfereji chini ya barabara, injini ya mvuke inaizungusha, na dereva ana koleo linaloshuka kwenye upenyo mwembamba. Akiibana kamba, gari linakwenda. Akiachia na kukanyaga breki, linasimama. Hakuna cha ajabu zaidi ya hapo.

Muda wa haki ile ulikuwa unaisha tarehe 1 Agosti 1873. Wakajaribu gari alfajiri ya tarehe 2, ukungu umetanda. Inasimuliwa kwamba dereva aliyepangwa alichungulia ule mteremko akanywea, na Hallidie akashika koleo mwenyewe. Iwe kweli au chumvi, mimi kipande hicho nakipenda. Njia yenyewe ilikuwa kama mita 850 tu, ikipanda zaidi ya mita 90. Fupi kuliko kutoka hosteli kwetu mpaka kwa muuza chipsi! Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo abiria wakaanza kulipa nauli.

Sasa turudi kwenye ile cheko. "Tumelaaniwa." Ukisema uvumbuzi ni moyo wa huruma unaopigwa na radi siku moja ya mvua, basi kweli utakaa kimbwetani ukisubiri radi yako mpaka udisko. Ukisema uvumbuzi ni baba aliyejua kusuka waya, mgodi wenye shida, kiwanda, mwanasheria aliyeshindwa, mchoraji Mjerumani na rafiki watatu wenye pesa, hapo unaanza kuuliza maswali ya maana. Nani Morogoro anasuka waya? Nani ana shida inayojirudia kila siku? Nani ana pesa na hajui aiweke wapi?

Swali la pili nina jibu lake. Nililipata jana.

Jana Jumamosi tulipanda Morningside, watu wanne, kupunga upepo kabla ya UE. Tuliondoka alfajiri kabisa, giza bado. Kabla hatujafika mbali tukaanza kupishana nao. Kina mama. Wanashuka kwa mstari, kimyakimya, ngata kichwani, juu ya ngata mkungu wa ndizi au tenga la mboga, mgongoni mtoto. Miguu wazi au kandambili. Njia ni ile mnayoijua: mawe, mizizi, udongo mwekundu, na usiku ulikuwa umenyesha. Sisi tuna raba na chupa za maji, tunapanda tukihema. Wao wanateremka wakipokezana salamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Pole na safari."

Pole na safari! Anayebeba ni yeye, pole napewa mimi niliyebeba biskuti.

Mmoja alikuwa amekaa juu ya jiwe, ametua mzigo. Alikuwa ameteleza na goti limechubuka. Ndizi tatu nne zimepondeka, na ndizi iliyopondeka mnajua bei yake sokoni, ni bei ya kuombwa. Tukamsaidia kuurudisha mkungu kichwani. Wadau, mimi na mshikaji wangu, watoto wa kiume tuliokula ubwabwa, tulihangaika wawili kuunyanyua mpaka usawa wa kichwa chake. Tulipotelemka mchana nikamkuta sokoni Mawenzi, nikaomba mwenye mzani atupimie. Kilo 34. Yeye mwenyewe ni mwembamba kama fito.

Pale kwenye jiwe aliniuliza, "Nyie ni wa chuo? Mnasomea nini?"

Nikasema kwa kujiamini, "Uhandisi, mama."

"Mnatengeneza nini?"

Mpaka leo sijajibu.

Ila tayari mmeshaona kinachonichoma. Farasi wa mtaa wa Jackson waliteleza, dunia nzima imefundishwa kuwahurumia, na miaka 150 baadaye mwanafunzi wa Morogoro anawaandikia insha. Huyu mama kateleza juu ya mtaa wetu, juzi, jana, na kesho atateleza tena, na hana hata aya moja kwenye desa la mtu yeyote. Mwalimu alituuliza tunaona nini. Tatizo letu halipo machoni. Tunamuona kila siku! Tunanunua ndizi zake na tunamuomba apunguze bei.

Na msije mkaniambia mambo ya kamba ni ya Wazungu kule San Francisco. Kamba zimefika Afrika Mashariki zamani, na ukiangalia zilimbebea nani utapandwa na presha.

Mwishoni mwa karne ya 19 reli ya Uganda ilipofika ukingo wa Bonde la Ufa pale Kikuyu, njia ya kudumu ya kuteremka ilikuwa bado haijakamilika. Wahandisi hawakukaa kusubiri. Wakaweka njia ya muda ya kamba: mabehewa yakawa yanashushwa ukutani kwa waya, na sehemu zenye mteremko mkali yalipakiwa juu ya vibebeo vilivyotengenezwa ili behewa likae mlalo. Ikafanya kazi mpaka njia ya kawaida ilipomalizika mwaka 1901. Yaani kwa ajili ya vyuma vya reli, kamba ilipatikana haraka.

Huku kwetu Usambara, karibu mwaka 1910, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins na Wiese ilikuwa na mbao za mtarakwa kule Shume, walikokuita Neu-Hornow. Reli ya Tanga ilikuwa chini, Mkumbara. Kati yake kuna ukuta wa mlima. Wakaiita kampuni ya Adolf Bleichert ya Leipzig, ikajenga kamba ya juu kwa juu, kama kilomita 9, ikivuka mabonde na kuteremsha mbao hadi stesheni. Tanzania hii hii. Milima ileile ya Tao la Mashariki, ndugu wa damu wa Uluguru. Na nani alipandisha zile nguzo na waya mlimani? Hao mabingwa wa Leipzig hawakubeba kichwani, hilo mnalijua bila kuambiwa.

Na Mombasa je? Kuanzia miaka ya 1890 mpaka miaka ya 1920 mji ulikuwa na vijireli vyembamba mitaani, na juu yake vigari vya toroli vyenye kivuli. Bwana mkubwa anakaa, na nyuma wanasukuma wanaume Waafrika kwa mikono. Pigeni hesabu wenyewe: San Francisco ilianza kuwapumzisha farasi mwaka 1873, na miaka zaidi ya ishirini baadaye Mombasa inaweka binadamu mahali pa farasi. Teknolojia ilikuwepo, na mameli ya kuileta yalikuwepo. Mgongo wa mtu mweusi ulikuwa bei rahisi kuliko kamba, basi. Hallidie mwenyewe angetuelewa, si alisema anapunguza gharama?

Hapo ndipo penye kidonda. Kamba huja pale anayeumia akiwa na gharama kwa mtu mwenye sauti. Farasi akifa, mwenye kampuni kapata hasara. Mbao za Shume zikikwama, Wilkins na Wiese wamepata hasara. Mama wa Choma akichubuka goti, hasara ni yake peke yake. Mchuuzi wa Mawenzi atanunua kwa mwingine. Ndio maana hakuna anayevumbua.

Tena inachekesha ukitazama kutoka pale juu. Ukikaa Morningside, kwenye ile nyumba ya zamani ya Wajerumani, unaona mji wote. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inaingia Morogoro kutoka Dar, na vyuma vyake vimejengwa kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Ukigeuka nyuma, kileleni Bondwa, minara ya mawasiliano imesimama. Sauti ya simu inapanda na kushuka mlima bila kuteleza. Maji ya mto Ruvu yanatoka kwenye misitu hii hii na yanakwenda kunywewa Dar es Salaam kwa bomba. Maji yana bomba, sauti ina mnara, abiria wana umeme. Ndizi ina shingo ya mama.

Sasa kuna aibu yangu mimi. Muhula uliopita niliandika pendekezo la mradi wa mwaka wa mwisho. Kamba ya mvutano wa mzigo, ya kuteremshia mazao kutoka mlimani. Siyo wazo langu, nawaambia ukweli. Nepal wanazo. Nguzo mbili, moja juu na moja chini. Kati yake nyaya mbili nene zimekazwa, kila moja ina kibebeo chake, na vibebeo viwili vimeunganishwa kwa kamba nyembamba inayopita kwenye kapi kubwa lenye breki pale juu. Unapakia mazao kibebeo cha juu, unaachia breki taratibu. Kinashuka kwa uzito wake, na kikishuka kinakipandisha kile cha chini. Hakuna injini, hakuna mafuta, hakuna LUKU. Kanuni wanayotumia ni kwamba kilo tatu zinazoshuka zinaweza kupandisha kilo moja. Na Uluguru imeumbwa kwa ajili ya kanuni hiyo! Kinachoshuka ni kingi: ndizi, maharage, mboga, mihogo, matunda. Kinachopanda ni kidogo: sabuni, chumvi, mafuta ya taa, mfuko mmoja wa simenti.

Pendekezo likarudishwa. Niliambiwa ni teknolojia ya kizamani, niandike kitu cha kisasa, kwa mfano programu ya simu ya kumuonyesha mkulima bei za sokoni. Sitamtaja aliyesema, na kwa kweli si yeye tu, hata nyie wadau mlinicheka pale kimbwetani, mkaniita Tarzan. Nikakubali. Nikaandika programu. Nikapata alama nzuri. Lakini jana pale kwenye jiwe nilijiuliza: hivi nikimuonyesha huyu mama kwenye simu kwamba ndizi Mawenzi zimepanda bei, kilo 34 zitapungua?

Kizamani! Magari ya San Francisco ya leo bado yanabana kamba kwa koleo, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, na watu wanapanga foleni kuyapanda. Medellín kule Kolombia waliona watu wa vilimani wanateseka kufika kazini, mwaka 2004 wakafungua kamba ya abiria iliyoungwa moja kwa moja na treni ya mjini. La Paz, Bolivia, wakafuata mwaka 2014. Kumbe kizamani ni pale kinapomhudumia maskini wa kwetu. Mwaka 2019 serikali iliposema inafikiria gari la kamba mlima Kilimanjaro kwa ajili ya watalii, hakuna aliyesema ni teknolojia ya kizamani. Nchi nzima ilibishana kwa wiki kadhaa.

Ubishi ule wa Kilimanjaro nauheshimu lakini. Wapagazi walisimama wakasema, kamba ikija, mkate wetu unaondoka. Mtu ataniuliza na mimi: vijana wa Choma wanaobeba kwa ujira utawapeleka wapi? Sina jibu rahisi. Tofauti ninayoiona ni kwamba mpagazi wa Kilimanjaro anabeba mzigo wa mgeni na analipwa. Mama huyu anabeba wa kwake, halipwi na mtu kwa kubeba, na kila kilo inayoshuka bila shingo yake ni yake. Wachache wanaobeba kwa ujira wanaweza kuwa ndio washika breki, kwa sababu kamba bila mtu makini kwenye breki ni kifo. Huko milimani kwenye kamba za namna hiyo watu wameumia kwa kupanda kwenye kibebeo cha mizigo, hilo nisiwafiche. Mradi wangu wa kwanza haukuwa na ukurasa hata mmoja wa breki ya dharura. Aliyeukataa angeniuliza hilo, ningemshukuru mpaka leo. Hakuuliza.

Wengine watasema, jenga barabara. Sawa, ijengwe. Bodaboda zimeshafika sehemu nyingi na zimesaidia. Ila piteni mwezi wa nne muone njia iliyochongwa kwenye mteremko ule inavyogeuka kuwa mto. Na juu yetu ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, huwezi kuikwangua kila upande kwa greda. Nguzo mbili zinakaa kwenye shamba la mtu, nje ya hifadhi, na waya unapita hewani.

Jambo moja ndilo linaloniogopesha kuliko ubishi wote, nalo ni la hapahapa Uluguru. Miaka ya 1950 Mwingereza alikuja na mpango wa kuokoa udongo. Kila mtu achimbe matuta ya ngazi mlimani. Kwenye karatasi ulikuwa uhandisi safi. Kwa wenyeji ulikuwa kazi ya lazima, na wenye mashamba waliona udongo mzuri, ambao ni mwembamba, unafukiwa chini na udongo mbaya unakuja juu. Hakuna aliyewasikiliza. Mwaka 1955 kukawa na vurugu kule Matombo, na mpango ukafa. Wataalamu wakaondoka wakisema Waluguru ni wabishi.

Kwa hiyo mimi nikipanda na waya zangu na kofia ya plastiki, nina tofauti gani na yule wa matuta? Hata hivyo Uluguru ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi inapita humo. Yule aliyekaa kwenye jiwe huenda ndiye mwenye neno juu ya shamba ambalo nguzo yangu ingesimama. Hallidie alikuwa na Britton, Davis na Moffitt. Mimi nilimwandikia mwalimu kurasa 22 na sikumuuliza yeye swali hata moja. Yeye ndiye aliyeniuliza.

Basi nimeamua hivi. Sirudishi pendekezo chuoni kwanza. Jumamosi ijayo napanda tena, safari hii bila biskuti. Nimemuomba fundi mmoja wa Kihonda mpira wa maji mita 20 ule mwangavu, tutaujaza maji tupimie mteremko kama mafundi wa nyumba wanavyopimia msingi, kipande kwa kipande, kutoka juu ya makorongo mpaka pale njia ya gari inapoanzia. Nataka kujua mteremko unatosha kweli kuvuta, au nimekuwa nikipiga domo. Nataka pia kuuliza nani anashuka siku gani, na mzigo gani, na wao wenyewe wangependa utue wapi. Inawezekana watasema hatutaki waya wako, tunataka daraja la pale kwenye kijito. Basi nitakuwa nimejua.

Nahitaji watu wawili wa kushika mpira. Yule aliyesema tumelaaniwa, najua unasoma hapa, nakuomba uwe mmoja wao. Tunaondoka saa kumi na moja alfajiri, tukutane geti la nyuma. Vaa raba zenye meno.

Chaji imebaki asilimia 3. Usiku mwema.